Uvira na mstari wa maji wa 1964

Mtaje mwaka 1964 mbele ya wazee wa Uvira, utaelezwa habari za Mulele. Pierre Mulele mwenyewe alikuwa Kwilu, mbali kabisa magharibi, lakini huku kwetu jina lake ndilo lililobeba vita vyote vya mwaka ule: Gaston Soumialot akipanga mambo kutoka Bujumbura, Musa Marandura akiwakusanya vijana katika bonde la Ruzizi, Uvira ikiangukia mikononi mwa waasi katikati ya Mei, Albertville (Kalemie ya leo) ikifuata Juni, na jeshi la serikali likirudi mjini Oktoba. Vitabu vya shule vinaongeza kuondoka kwa askari wa Umoja wa Mataifa tarehe 30 Juni, katiba ya Luluabourg ya tarehe 1 Agosti, Tshombe kuitwa kutoka uhamishoni na kufanywa waziri mkuu. Kamanyola, kijiji cha njiani kwenda Bukavu, kiligeuzwa hekaya ya ushujaa wa Mobutu, hadi kikosi cha jeshi na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa vikapewa jina la kijiji hicho. Kwa mwaka mmoja, ni mengi. Ila katika masimulizi hayo yote kuna tukio moja ambalo halitajwi, nalo ndilo linaloamua hadi leo ni nani Uvira atakayelala pakavu na nani atakayetoa magodoro nje usiku. Mei hiyohiyo waasi walipoingia mjini, Ziwa Tanganyika lilikuwa limefikia kimo ambacho lilikuwa halijakifikia kwa miongo mingi na ambacho halikukirudia kwa miaka 60 iliyofuata.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mstari ambao maji yaliufikia Mei 1964 ndio mpaka halisi wa mji wa Uvira upande wa mashariki. Kila parseli iliyokatwa chini ya mstari huo, iwe na karatasi ya shefu wa kartiye au sertifika ya kadasta yenye mihuri yote, imekatwa ndani ya ziwa. Mstari huo haujaandikwa katika sheria yoyote ninayoijua, haumo katika ramani anazopewa mnunuzi wa kiwanja, wala haujachorwa kwenye ukuta wowote mjini. Wakati umefika wa kuuandika.

Kwanza tuelewane maji yale yalitoka wapi. Mwishoni mwa 1961 Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilipata joto kuliko kawaida, huku upande wa Indonesia ukipoa. Hali hiyo ikitokea, pepo husukuma unyevu mwingi barani, na mvua za Oktoba hadi Desemba hupita kiasi. Mwaka ule zilipita kiasi kweli kweli, kuanzia Somalia hadi kwetu. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964. Tanganyika nalo lilikwenda hivyo hivyo, masika baada ya masika, hadi Mei 1964 likafika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya ziwa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa haujatimiza hata miezi miwili, na Bujumbura ilikuwa mji mkuu wa nchi huru yenye umri wa karibu miaka miwili. Kila mtu alikuwa na jambo kubwa la kushughulikia. Uvira watu walikuwa wakikimbia risasi. Nani angepata nafasi ya kupiga alama ukutani?

Ziwa hili lina tabia yake, na asiyeijua hudanganyika kirahisi. Ni refu kiasi cha kilomita 670, kina chake kinafika mita 1,470, na uso wake una takriban kilomita za mraba 32,900. Maji yanaingia kwa njia mbili: mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na mito, mkubwa wao ukiwa Malagarasi wa Tanzania, halafu Ruzizi wetu. Kutoka, yanatoka kwa njia mbili pia, lakini hazilingani hata kidogo. Karibu sehemu tisa kwa kumi za maji yanayotoka huondoka angani kama mvuke. Kinachobaki ndicho kinachopita katika Mto Lukuga pale Kalemie na kwenda kuungana na Lualaba. Lifikirie kama sufuria pana lililoachwa juani, lenye tundu dogo karibu na ukingo. Mvua ikizidi mwaka mmoja, jua haliwezi kuongeza bidii, na tundu ni dogo mno kulifidia. Ziada inabaki ndani, na masika ya mwaka unaofuata yanaanza kujaza juu ya ziada hiyo. Ndiyo maana kilele cha 1964 kilizaliwa na mvua za 1961, na ndiyo maana mtu anayetazama mvua za mwaka huu peke yake hawezi kujua ziwa litakuwa wapi Mei ijayo.

Nimetaja Mei kwa makusudi. Kila mwaka ziwa hupanda na kushuka kwa kiasi cha sentimita 80 hivi, likiwa chini kabisa Oktoba au Novemba na juu kabisa Mei, mvua zinapokoma. Wengi hushangaa kuona mbingu zimefunguka, vumbi limeanza kutimka barabarani, na maji bado yanasogea uani. Sababu ni kwamba maji ya Malagarasi hupita polepole katika mabwawa makubwa ya matete ya magharibi mwa Tanzania kabla ya kufika ziwani, na mvuke nao haujashika kasi. Anayenunua parseli Oktoba anaonyeshwa ufuko mpana na mchanga mkavu, kwa hiyo anaonyeshwa ziwa likiwa katika hali yake ya upole kuliko zote. Madalali wanalijua hilo vizuri.

Kuna jambo jingine la kale zaidi, na sitalipita haraka kwa sababu linawachanganya hata watu wasomi. Stanley na Livingstone walipofika kwenye mdomo wa Ruzizi Novemba 1871, swali lao lilikuwa kama mto huo unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia. Basi maji yote haya yanatokea wapi? Cameron aliuona Lukuga mwaka 1874 na kuamini kwamba ndiyo njia ya kutokea, lakini Stanley aliporudi mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mimea, hautiririki ipasavyo. Ziwa lilikuwa linajaa nyuma ya kizibo hicho. Karibu na mwaka 1878 kizibo kilivunjika, maji yakakata njia, na katika muda usiofika miaka 20 ziwa likashuka takriban mita 10. Kwa hiyo ufuko tunaouona leo una umri mdogo kuliko misikiti ya Ujiji. Wazee wa Kivira wanaposimulia kwamba zamani ziwa lilifika chini ya milima, hawatungi hadithi.

Kutokana na habari hiyo ya kweli ilizaliwa imani isiyo ya kweli: kwamba kila ziwa linapopanda, Lukuga umezibwa, na kwamba tukipeleka mashine Kalemie kuchimba, maji yatashuka. Nimeisikia kwenye mikutano ya Bujumbura, nimeisikia bandarini Kalundu, na baadhi ya wanaoisema wana vyeo. Tufanye hesabu. Sentimita moja ya ziwa hili ni takriban mita za ujazo milioni 329. Tuseme tumeuchimba Lukuga mpaka ukaongeza mita za ujazo 100 kila sekunde juu ya zile unazopitisha sasa, usiku na mchana, mwaka mzima. Huo ni mto mzima mpya. Mwisho wa mwaka tutakuwa tumelishusha ziwa kwa sentimita 10 hivi. Aliyeingiliwa na maji ya kufika kiunoni hatapona kwa sentimita 10 za mwakani. Tukiendelea kwa miaka kumi, kweli, tutaona tofauti. Lakini katika miaka hiyo huenda mvua zikapungua, nasi tutakuwa tumejiachia tundu tusiloweza kulifunga. Isitoshe, watu wa Kabalo na Kongolo wanaishi kando ya maji hayohayo tunayotaka kuwamwagia. Na sisi tuna kumbukumbu fupi: miaka kumi tu kabla ya mafuriko yaliyoanza 2020 kilio cha nchi zote nne za kando ya ziwa kilikuwa kwamba ziwa linapungua, boti zinashindwa kutia nanga Kigoma, na mipango iliyokuwa mezani ilikuwa ya kujenga kizuizi kwenye Lukuga ili maji yasitoroke. Usimamizi wa Lukuga unahitajika, sikatai. Lakini ni kazi ya vizazi, inayofanywa kwa makubaliano, na si dawa ya dharura.

Uvumi wa pili ni mtamu zaidi kwa sababu una mchawi ndani yake. Kwamba jirani amefungua mabwawa ya umeme ya Ruzizi, maji ya Kivu yametumwa kutuzamisha. Ninaelewa kwa nini unaaminika. Kwa yale ambayo watu wa Uvira wameyapata kutoka upande ule wa mpaka tangu 1996, hawahitaji kushawishiwa sana. Ila ziwa halijui siasa. Ziwa Kivu lina kilomita za mraba kama 2,400, kwa hiyo linaingia zaidi ya mara 13 ndani ya Tanganyika. Hata kama mtu angeweza kulishusha Kivu kwa mita nzima, jambo ambalo Goma na Bukavu wangeliona kwa macho kabla ya wiki kwisha, Tanganyika lingepanda sentimita saba. Mabwawa ya Ruzizi ya Kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya Pili, la 1989, ni ya kupitisha maji kwenye mitambo, hayana hifadhi kubwa ya kumwaga. Yanaweza kubadilisha kimo cha mto kwa saa chache na kumsumbua mkulima wa mpunga bondeni, na hilo ni lalamiko halali kabisa. Kuiweka kartiye ya Kavimvira chini ya maji kwa miezi, hayawezi.

La tatu ni mchanga. Husemwa kwamba milima ya Mitumba imekatwa miti, udongo umeteremka, ziwa limejaa udongo, basi maji yamepanda. Nusu ya kwanza ni kweli na inauma. Nusu ya pili haiwezekani: ili matope yapandishe ziwa kwa sentimita moja tu, zinahitajika zile mita za ujazo milioni 329 za matope, na ziwa lina shimo la zaidi ya kilomita moja la kuyameza. Madhara ya mchanga yako kwingine, kwenye midomo ya mito yetu midogo. Hapo ndipo inabidi tutenganishe mambo mawili ambayo Uvira imeyachanganya tangu usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020. Usiku ule haukuwa wa ziwa. Ulikuwa wa Mto Mulongwe na wenzake: mvua kubwa juu ya milima mikali, mto mfupi, mawe na magogo yakiporomoka hadi katikati ya mji kwa muda mfupi. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaenda, daraja likavunjika, mitambo ya maji ya REGIDESO ikaharibika. Maji ya namna hiyo huua kwa kasi, halafu huondoka. Maji ya ziwa huja taratibu, hayaui mtu kitandani, na hukaa miezi au miaka. Dawa ya Mulongwe iko juu milimani na kwenye kingo za mto: miti, matuta, kuta za mawe ya kufungwa kwa nyavu za chuma, na kuacha kujenga ndani ya njia ya mto. Dawa hiyo hailishushi ziwa hata kwa unene wa ukucha. Hata hivyo maji haya mawili husaidiana katika ubaya. Ziwa likiwa juu, mdomo wa mto hurudishwa nyuma, maji hupoteza nguvu mapema, mawe na mchanga hutuama ndani ya mji badala ya ziwani, sakafu ya mto hupanda, na mafuriko yanayofuata hupata njia mpya kwa jirani ambaye hakuwahi kuguswa. Mito ya Mulongwe na Kalimabenge itaendelea kutuonyesha hilo.

Turudi kwenye ardhi, maana huko ndiko kosa lilikofanyika. Baada ya 1964 maji yalianza kushuka, kwa kusuasua, kwa miaka mingi. Yaliporudi nyuma yaliacha ukanda tambarare, laini, karibu na barabara, karibu na soko la samaki, na usio na mwenyewe. Mji ulikuwa umebanwa: upande mmoja milima inayopanda hadi zaidi ya mita 3,000, upande mwingine ziwa, katikati kipande chembamba cha ardhi. Kila msukosuko ulileta watu wapya kutoka Fizi, kutoka bonde la Ruzizi, kutoka milima ya juu: wakati wa Mulele, halafu 1996, halafu 1998, na yote yaliyofuata. Mkimbizi hachagui kiwanja kwa kuangalia rekodi za maji. Hukaa palipo wazi. Palipokuwa wazi ni pale ambapo ziwa lilikuwa limetoka. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali na kwamba mali ya umma haigawiwi mtu maadamu bado inatumika kwa umma. Kwa maneno mengine, ufuko haukuwa wa kugawa. Lakini ukanda mkavu usio na alama, mbele ya ofisi yenye mishahara isiyolipwa, hugawiwa. Kwanza likaja banda la mabati, kisha nyumba ya matofali ya kuchoma, kisha ghorofa, kisha hoteli yenye ukuta wa mawe unaoingia majini. Kila jengo likawa ushahidi wa kumpa moyo anayefuata.

Halafu mvua za Oktoba hadi Desemba 2019 zikaja, na Bahari ya Hindi ilikuwa katika hali ileile ya 1961. Ziwa likapanda 2020, likapanda 2021, likatulia kidogo, na baada ya mvua za El Niño za 2023 likapanda tena. Mei 2024 lilikuwa limerudi karibu mita 777. Kalundu, Mulongwe, Kimanga, Kavimvira, kote watu waliweka magunia ya mchanga milangoni, wengine wakajenga madaraja ya mbao ya kuingilia chumbani. Ng'ambo ya mpaka, Gatumba ya Burundi iligeuka ziwa, na barabara ya Uvira na Bujumbura ikapita majini. Viboko walionekana wakitembea mahali ambapo zamani walikuwa wakilala. Sisi tuliwaona kama wavamizi. Vyoo vya shimo vilijaa maji na kumwaga yaliyomo kwenye maji yaleyale yanayotekwa kwa ndoo. Uvira imeishi na kipindupindu kwa miongo, karibu kila mwaka, na hakuna haja ya kumweleza mama yeyote wa Kalundu choo kilichozama kina maana gani.

Ofisi nyingi zilizungumzia janga lisilo na mfano. Mfano ulikuwepo, na ulikuwa na tarehe. Sipingi kwamba hali ya hewa ya dunia inabadilika na kwamba bahari yenye joto zaidi itatuletea miaka ya aina hii mara nyingi zaidi. Hilo linaipa hoja yangu uzito. Ninachopinga ni kulitumia badiliko la tabianchi kama kisingizio cha kufuta daftari. Aliyegawa parseli Kimanga miaka ya 2000 hakuhitaji elimu ya tabianchi. Alihitaji kumuuliza mvuvi wa miaka 60 boti zilikuwa zikifungwa wapi alipokuwa kijana.

Sasa kuhusu dawa, na hapa naanza kwa kuwakosoa majirani wenye sheria nzuri kuliko zetu. Burundi imeweka katika sheria yake ya maji ukanda wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Tanzania, katika sheria ya mazingira ya 2004, imeweka mita 60. Zote ni bora kuliko kimya chetu. Lakini mita hizo hupimwa kwa kulala, kuanzia kwenye maji, na maji yenyewe hayasimami mahali pamoja. Afisa anayepima mwaka wa maji machache atamruhusu mtu kujenga mahali ambapo afisa wa 2024 angehitaji boti kufika. Kwenye ufuko unaopanda mita moja kwa kila mita 100, ziwa likipanda mita mbili linaingia ndani mita 200, na ile mita 150 yote imezama. Kavimvira, kuelekea delta ya Ruzizi, mteremko ni mdogo zaidi ya huo. Kwenye mawe ya kusini, kuelekea Makobola, mita 60 zinaweza kuwa juu ya kilima na kumzuia mtu bure. Mpaka wa ziwa hili upimwe kwa kusimama: kimo, si umbali. Chini ya kimo cha 1964, nyumba ya kulala hairuhusiwi. Juu yake kwa mita moja ya tahadhari, ruhusa kwa masharti ya msingi wa juu na choo kisichozama. Basi. Sheria ya aina hiyo inaeleweka na fundi, na dalali hawezi kuibishia akishaonyeshwa mstari.

Mstari wenyewe tutaupata wapi? Kila nchi ina sifuri yake ya vipimo, na namba ya Kigoma, ya Bujumbura na ya Kalemie hazilingani moja kwa moja. Ndiyo maana kila mara nasema "karibu" mita 777. Bahati nzuri maji ya Mei 2024 yalifika karibu kabisa na yale ya 1964, na yaliacha saini. Doa la matope liko kwenye kuta za nyumba, za shule, za makanisa na misikiti, kwenye nguzo za umeme, kwenye maghala ya bandari ya Kalundu. Doa hilo ni kumbukumbu ya kadasta ambayo ziwa limetuandikia bure, na kila mwenye nyumba anayepiga lipu na rangi mpya anaifuta ukurasa kwa ukurasa. Wapimaji wawili wenye kifaa cha kupimia usawa na ndoo ya rangi nyekundu wanaweza kuupiga mstari huo kutoka Kavimvira hadi Kalundu kabla masika mawili hayajapita. Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia kiko hapahapa Uvira. Kilianza wakati wa Wabelgiji chini ya taasisi ya utafiti ya IRSAC, na kina watu wanaolifahamu ziwa kuliko mshauri yeyote atakayeshuka na ndege. Wapewe kazi hiyo. Setilaiti nazo zimekuwa zikipima usawa wa maziwa makubwa tangu 1992, na vipimo viko wazi kwa kila mtu. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo nchi nne ziliianzisha kwa mkataba wa 2003, ingeweza kuvitoa kila wiki kwa lugha wanayoielewa wauza ndagala, vikasomwa redioni baada ya bei za soko.

Najua ugumu uko wapi. Watu tayari wanaishi chini ya mstari, maelfu kwa maelfu, na wengi wao hawana pa kwenda. Kuwafukuza kwa buldoza ni ukatili, na isitoshe haifanyi kazi: kiwanja kilichohamishwa mtu leo huuzwa kwa mwingine kesho, mara nyingi na mtu yuleyule mwenye kalamu. Ninapendekeza njia ya polepole na yenye jino. Tangu siku mstari utakapopigwa, sertifika mpya chini yake isitolewe, na iliyopo isihamishwe kwa kuuzwa isipokuwa kurudi kwa mji. Mwenye nyumba aendelee kukaa. Akiondoka au nyumba ikibomoka, ardhi irudi kuwa ufuko, na itumike kwa kazi ambazo maji yakija zinabebeka: bustani za mboga, vichanja vya kuanikia ndagala, karakana za boti, viwanja vya mpira. Wenye hoteli na maghala wasisamehewe. Hawa si wakimbizi, walijenga kwa fedha na kwa ushauri wa watu waliojua.

Na watakaohama waende wapi? Jibu linalotajwa kila mara ni kaskazini, bonde la Ruzizi kuelekea Kiliba, kwenye ardhi ya kiwanda cha sukari kilichosimama wakati wa vita vya 1996. Ardhi ipo, lakini si tupu kama inavyoonekana kutoka ofisini. Ina wakulima, ina madai ya watemi, ina mito yake inayofurika, na njiani kuna usalama wa kubahatisha. Aliyezoea kuishi kwa boti na soko la Kalundu akipelekwa huko bila barabara na bila usafiri wa alfajiri atarudi ufukoni ndani ya mwaka. Mji lazima upande, hata kidogo, kwenye miinuko iliyo salama kutokana na mito, na lazima ujengwe kwa msongamano wa heshima: nyumba za orofa mbili, maji ya bomba, ngazi za zege. Ni ghali. Kulipa gharama za 2020 na 2024 kwa zamu kila muongo ni ghali zaidi.

Ninachokihofia kwa sasa ni kusahau, kwa sababu tumekwisha kusahau mara moja na ninaona njia ileile ikifunguka. Mwaka 1964 vita vilimeza maji. Februari 2025 Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi, serikali ya jimbo ilikimbilia Uvira. Desemba mwaka huohuo vita vikaingia Uvira penyewe, na watu wakavuka kwenda Burundi kwa maelfu. Hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu mkazi wa Kimanga kwa kusahau doa la matope ukutani wakati mabomu yanalia. Lakini madalali hawasahau. Maji yanaporudi nyuma kidogo kidogo, kama yanavyofanya kila baada ya kilele, ukanda mkavu unatokea tena, vigingi vya mipaka vinachomekwa, na karatasi zinaandikwa na yeyote mwenye muhuri wakati huo, serikali hii au ile. Karatasi zinazotolewa wakati wa vita ndizo ngumu kuliko zote kuzifuta baadaye. Waulize wanaodaiana mashamba tangu 1996.

Kwa hiyo kazi ya rangi isisubiri amani kamili wala bajeti ya Kinshasa. Shule, parokia, misikiti na vituo vya afya vina kuta zao na havihitaji ruhusa ya mtu. Mwalimu anaweza kuwatoa wanafunzi nje na kamba na kuwaonyesha doa liko wapi, wakapiga mstari, wakaandika juu yake "Mei 1964, Mei 2024". Wakati kadasta itakaporudi kazini na vifaa vyake, itakuta alama nyingi za kupima, na mnunuzi wa parseli atakuwa na kitu cha kuuliza kabla hajatoa dola zake: hapa tulipo, tuko chini ya mstari au juu?